Lenzi ya kamera ni mtaji: Mpiga picha wa Likombe apime kazi kabla ya kutoa fedha

LIKOMBE, Mtwara – Minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, fedha huanza kuzunguka mkoani Mtwara. Wakulima wakishalipwa hufuata harusi, sherehe za kutoa wali, uzinduzi wa nyumba na mahafali ya mwisho wa mwaka. Kwa mpiga picha wa Likombe, Chikongola au Mikindani, hicho ndicho kipindi cha mavuno, na ndicho kipindi ambacho wengi huanza kufikiria kununua lenzi mpya.

Uamuzi huo si mdogo. Lenzi ya daraja la juu huweza kugharimu zaidi ya kamera inayofungwa nayo. Mwenye mtaji mdogo akikosea mara moja, msimu mzima unaweza kwisha akiwa anarudisha fedha ya chombo ambacho hakimwongezei hata mteja mmoja.

Aidha, soko lenyewe limebadilika. Zamani mteja alikwenda studio kwa sababu hakuwa na kamera. Leo karibu kila mwalikwa ukumbini ana simu inayopiga picha, na picha hiyo haimgharimu kitu. Mteja anayekubali kulipa anafanya hivyo kwa picha ambayo simu haiwezi kuitoa: bibi harusi katika ukumbi wenye taa hafifu, mhitimu aliye mbali jukwaani, au picha safi ya kukuzwa na kutundikwa ukutani. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa huletwa na lenzi. Hivyo swali la kwanza kwa mwekezaji si lenzi ipi ni nzuri, bali ni kazi ipi inayolipiwa ambayo kwa sasa inampita au anaifanya vibaya.

Namba mbili za kuangalia

Kila lenzi ina namba mbili zinazoamua matumizi yake, na karibu bei yake yote.

Ya kwanza ni urefu wa lenzi kwa milimita. Namba ndogo, kama 18 au 24, huona eneo pana. Namba kubwa, kama 200 au 300, huvuta kilicho mbali. Lenzi yenye namba mbili, mathalani 18-55, ni zumu, yaani inaweza kupanua na kuvuta.

Ya pili ni ukubwa wa tundu linaloingiza mwanga, linaloandikwa kwa herufi f. Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Lenzi ndogo ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi za bei nafuu huandikwa f/3.5-5.6. Maana yake ni kwamba ikivutwa hadi 55 tundu lake haliwezi kufunguka kupita f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga unaokaribia mara 10 ya huo.

Kwa lugha ya biashara, namba hiyo ndiyo tofauti kati ya picha inayouzika na picha ya kutupa. Pale ambapo lenzi ya f/5.6 inalazimisha kamera kupandishwa hadi ISO 6400, ambako kamera nyingi za bei nafuu hutoa picha yenye chengachenga, lenzi ya f/1.8 huruhusu kushuka hadi karibu ISO 640. Ngozi ya bibi harusi hutoka laini, na rangi ya nguo hubaki ilivyo.

Hata hivyo, tundu kubwa lina gharama yake. Kwa f/1.8 sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba. Mpiga picha akiwapanga ndugu wa bwana harusi safu tatu na kuliacha tundu wazi, safu ya mbele itaonekana na ya nyuma itafifia. Picha za kundi huhitaji tundu lifungwe hadi f/5.6 au f/8, na upungufu wa mwanga uzibwe kwa flashi.

Pima fremu kabla ya kununua

Lenzi inayosifiwa zaidi kwa wanaoanza ni ya milimita 50 f/1.8. Canon ilipozindua EF 50mm f/1.8 STM mwaka 2015 iliiuza kwa takriban dola 125 nchini Marekani, kabla ya usafiri na kodi. Ni lenzi nyepesi, inatoa picha safi na inapatikana kwa wingi hata ya mtumba. Tatizo ni kwamba wengi huinunua bila kupima chumba cha kazi.

Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ndogo kuliko filamu ya zamani ya milimita 35. Kwa Canon za aina hiyo, lenzi ya 50 hubana kama vile ingekuwa ya 80. Mtu mzima aliyesimama, pamoja na nafasi kidogo juu ya kichwa na chini ya miguu, huhitaji kimo cha picha cha karibu mita 1.9. Kamera ikisimamishwa wima, umbali unaotakiwa kati ya kamera na mteja ni kama ifuatavyo:

Lenzi ya milimita 24: mita 2.0
Lenzi ya milimita 35: mita 3.0
Lenzi ya milimita 50: mita 4.3
Lenzi ya milimita 85: mita 7.2

Kwa Nikon na Sony zenye sensa ndogo, umbali hupungua kidogo. Juu ya kila namba iongezwe nusu mita kati ya mteja na pazia la nyuma, na mita moja ya mpiga picha kusimama. Kwa hesabu hiyo, mwenye fremu ya duka yenye urefu wa mita 4 hawezi kumpiga mtu mzima aliyesimama kwa lenzi ya 50, hata akijibana ukutani. Lenzi ya 24 itamtosha. Canon ilizindua EF-S 24mm f/2.8 STM mwaka 2014 kwa bei isiyofika dola 150 nchini Marekani. Kwa fremu kama hiyo, hiyo ni ya kufikiriwa kabla ya 50.

Kwa picha za pasipoti na vitambulisho hesabu hugeuka. Kichwa na mabega huhitaji kimo cha karibu sentimita 70 tu, hivyo lenzi ya 50 hufanya kazi hiyo kwa umbali wa mita 1.6. Ile ya 24 italazimisha kamera isogee hadi sentimita 75 kutoka usoni, na hapo pua huonekana kubwa kuliko ilivyo. Mteja hataujua urefu wa lenzi, lakini ataikataa picha.

Mwenye kazi nyingi za ukumbini anaweza kutafuta zumu ya 17-50 yenye f/2.8. Tamron ilianza kuuza ya aina hiyo mwaka 2006 na Sigma mwaka 2010. Ikivutwa hadi mwisho huingiza mwanga mara 4 ya lenzi ya f/5.6, na humwondolea mpiga picha usumbufu wa kubadilisha lenzi wakati keki inakatwa. Kwa watu wasio na kamera mbili, chombo kimoja kinachofanya kazi tatu mara nyingi ni bora kuliko vitatu vinavyokaa begini.

Kwa mechi za mchana kwenye Uwanja wa Nangwanda Sijaona, jua la saa 10 alasiri linatosha, na si lazima kununua lenzi ghali ya f/2.8. Zumu ya kawaida inayofika milimita 250, kutoka mita 40, huchukua eneo lenye upana wa karibu mita 3.6. Hilo linatosha kuonyesha wachezaji wawili wakigombea mpira. Mechi ikichezwa usiku kwa taa za umeme, lenzi hiyo haitafaa.

Maunti: hapa ndipo fedha hupotelea

Mahali lenzi inapofungwa kwenye kamera mafundi hupaita maunti. Kampuni nyingi zina maunti zao, na baadhi zina zaidi ya moja. Lenzi ya Nikon haifungi kwenye Canon, na hata ndani ya kampuni moja si kila lenzi inafaa kila kamera.

Kwa Canon, maunti ya EF ilianza mwaka 1987. Mwaka 2003 ziliongezwa lenzi za EF-S kwa ajili ya kamera za sensa ndogo. Kamera ya sensa ndogo hupokea aina zote mbili, lakini Canon ya sensa kubwa yenye maunti ya EF haipokei EF-S. Mwaka 2018 ilikuja maunti mpya ya RF kwa kamera zisizo na kioo ndani. Lenzi za EF na EF-S hufanya kazi kwenye kamera ya RF kwa kutumia adapta, lakini lenzi ya RF haifungi kwenye kamera ya EF kwa namna yoyote ya maana.

Kwa Nikon, maunti ya F ni ya tangu 1959 na ile ya Z ilianza 2018. Kuna mtego mmoja. Kamera ndogo za Nikon, kama zile za D3000 hadi D3500, hazina mota ya kulenga ndani yake. Lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D zitafunga vizuri na hata kupiga picha, lakini mpiga picha atalazimika kulenga kwa mkono. Mwenye kamera hizo atafute lenzi zilizoandikwa AF-S au AF-P, na kwa AF-P ahakikishe kwanza kuwa kamera yake inazikubali. Mfano unaofahamika ni AF-S 35mm f/1.8G ya sensa ndogo, iliyozinduliwa mwaka 2009 kwa takriban dola 200.

Kwa mnunuzi wa Mtwara kosa la maunti ni ghali kuliko kwa mnunuzi wa Kariakoo. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 560. Nauli ya kwenda kubadilisha lenzi, malazi na siku za kazi zilizopotea huweza kula faida yote. Barabara yenyewe haina uhakika wakati wote: Mei 2024 mafuriko yaliikata eneo la Somanga na usafiri wa kusini ukasimama. Mnunuzi anashauriwa kwenda dukani na kamera yake mkononi. Anayeagiza kwa simu aandike jina kamili la kamera na kutaka picha ya upande wa nyuma wa lenzi kabla ya kutuma fedha.

Mtumba umeshuka, lakini uangaliwe

Kuja kwa kamera zisizo na kioo kumelinufaisha soko la mtumba. Mwaka 2021 mkuu wa Canon alisema kuwa EOS-1D X Mark III ingekuwa kamera yao kubwa ya mwisho ya aina ya kioo. Wapiga picha wengi wa nje wamehamia kwenye maunti mpya na kuuza lenzi za zamani. Nyingi kati ya hizo bado ni nzima.

Kwa mnunuzi hiyo ni nafuu. Kwa mwekezaji anayetegemea kuuza baadaye ni tahadhari, kwa kuwa bei inayoshuka leo inaweza kushuka tena kesho. Kanuni iliyo salama ni hii: lenzi ya maunti ya zamani inunuliwe kwa kazi itakayoilipa ndani ya msimu mmoja au miwili, isinunuliwe kwa matumaini ya kuuzwa tena.

Kabla ya kulipia lenzi ya mtumba, mnunuzi afanye majaribio yafuatayo:

1. Amulike tochi kupitia lenzi kwa pembe, akiangalia kutoka upande wa pili. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Vumbi kidogo si tatizo. Kuvu ni tatizo.

2. Afungue tundu hadi mwisho na kupiga picha, kisha afunge hadi f/8 na kupiga tena. Kamera za Canon zikionyesha Err 01, mawasiliano kati ya lenzi na kamera yana hitilafu.

3. Abandike ukurasa wa gazeti ukutani, asimame sawa mbele yake na kupiga. Pembe nne za picha zisomeke kwa kulingana. Pembe moja ikififia peke yake, huenda lenzi imewahi kuanguka.

4. Aangalie vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechunika, lenzi imefunguliwa na fundi.

5. Alenge karibu na mbali mara kadhaa. Mota isikwame wala kusaga.

Kwa lenzi mpya, mnunuzi adai risiti ya EFD na kusoma masharti ya waranti. Waranti nyingi za lenzi hutambuliwa katika eneo lilikouzwa, hivyo iliyotoka Dubai inaweza isihudumiwe nchini. Anayeagiza mwenyewe asilinganishe bei ya Dubai na ya Kariakoo moja kwa moja. Kwanza ajumlishe usafiri, bima, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18 na hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Gharama ya wakala wa forodha nayo iwekwe. Kwa lenzi moja ndogo, tofauti ya bei mara nyingi humezwa na gharama hizo.

Hesabu ya kurudisha fedha

Kosa la kawaida ni kugawa bei ya lenzi kwa malipo yote ya kazi. Mpiga picha husema: harusi moja ni Sh. 200,000/-, lenzi ni Sh. 400,000/-, basi harusi mbili zimeilipa. Sivyo. Harusi hizo angezipata hata bila lenzi mpya. Kinachotakiwa kuhesabiwa ni nyongeza tu: kazi mpya zilizokuja kwa sababu ya lenzi, au bei iliyopanda kwa sababu picha zimekuwa bora.

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si bei ya soko. Lenzi ya Sh. 400,000/- inamwezesha mpiga picha kutoza Sh. 20,000/- zaidi kwa kila kazi. Atahitaji kazi 20 kurudisha fedha. Akipata kazi 15 kwa msimu, lenzi italipwa msimu wa pili. Lenzi nyingine ni ya Sh. 3,000,000/- na inaongeza Sh. 50,000/- kwa kazi. Hiyo inahitaji kazi 60, yaani misimu minne, bila kuweka riba, wizi wala kuanguka. Kwa mwenye kazi 15 kwa msimu, ya pili ni mzigo, hata ikiwa picha zake ni nzuri zaidi. Ni nafuu kuikodi kwa siku ya kazi kubwa na kuiingiza gharama kwenye bei ya mteja.

Mwenye kukopa SACCOS au VICOBA apange marejesho kwa miezi mibaya, si kwa miezi mizuri. Mvua za kusini na kumalizika kwa fedha za korosho hupunguza sherehe katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Korosho zenyewe zina hatari yake. Katika msimu wa 2018/19 serikali iliamua kununua korosho kwa Sh. 3,300/- kwa kilo, na malipo ya wakulima wengi yakachelewa. Biashara zilizotegemea fedha hizo zilisubiri pamoja nao, wakati mikopo haikusubiri.

Hewa ya bahari

Gharama ya mwisho ni utunzaji. Likombe na pwani yote hadi mdomo wa Ruvuma ina hewa yenye unyevu na chumvi, na kuvu huota kwenye kioo kilichokaa gizani mahali penye unyevu mwingi. Lenzi iliyofungwa miezi sita ndani ya begi la ngozi au la kitambaa kizito inaweza kuharibika bila kuguswa.

Kinga ni ya bei ndogo. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vinavyokaushwa mara kwa mara, inatosha. Kipimo kidogo cha unyevu kiwekwe ndani, nao ubaki kati ya asilimia 40 na 50. Mchele usitumike, kwani huacha unga. Baada ya kazi za ufukweni Msimbati au Mikindani, mchanga upulizwe kwanza kwa pampu ya mkono, kisha kioo kifutwe kwa kitambaa laini. Kufuta mchanga ukiwa bado juu ni kukwaruza mtaji.

Mwelekeo

Kwa mwenye studio ndogo ya fremu, lenzi ya kwanza ni ile inayolingana na urefu wa chumba chake. Kwa anayeishi kwa kazi za ukumbini, ni ile yenye tundu kubwa. Kwa anayefikiria lenzi ghali, ni vyema aikodi mara tatu kwanza na kuandika daftarini nyongeza aliyopata kila mara. Daftari likionyesha faida, anunue. Lisipoonyesha, fedha ibaki benki hadi minada ijayo.